Nilivyoipeleka Besi ya Papa Paluku Butembo

Ndugu zangu wa kwaya,

Tangu nishuke kwenye lori wiki iliyopita, kila ninayekutana naye uani mwa kanisa ananiuliza swali moja: besi iko wapi? Mmoja ameshasema nimeiuza. Mwingine anasema walininyang'anya njiani na ninaona haya kukiri. Nimejaribu kujibu mmoja mmoja, lakini kila nikifika nusu ya hadithi mazoezi yanaanza. Basi naandika. Atakayemaliza kusoma ampe mwenzake, na atakayeendelea kusema nimeuza, mimi na yeye tutaonana.

Habari za makaratasi na za kutafuta nafasi kwenye lori naziruka. Zilikuwa kama zilivyo siku zote.

Nianze na jambo ambalo wengi tumejisahaulisha. Besi ile si yangu, wala si ya kwaya, ingawa tumeipiga kanisani hadi watoto wanadhani ilizaliwa pale. Ni ya Papa Paluku, aliyenifundisha mimi kupiga. Mpiga besi wa Goma hana vitu vingi vya kutegemea. Umeme unakuja ukitaka. Ampli ya kanisa, ile ya kukuzia sauti, ina siku zake, kama mgonjwa wa malaria. Kinachobaki ni kile unachokishika mwenyewe: gitaa zito la mbao nyekundu, limechubuka pale mkono wa kulia unapolala, mkanda ambao Papa aliukata kwenye gari bovu, ule mkanda wa usalama wa kiti, ungeweza kubeba ng'ombe, kebo aliyoilehemu kwa mkono wake, na kamba nne nene ambazo hatununui mpya, tunazichemsha. Besi hiyo haijawahi kunikatia sauti katikati ya wimbo. Kuna binadamu wengi ambao siwezi kuwasemea hivyo.

Halafu kulikuwa na ukuta. Papa alinifundisha bila umeme. Nyumba yake pale Murara ilikuwa ya mbao kama zetu, imekaa juu ya mawe ya volkano. Alikuwa anakaa kwenye kiti kifupi, anaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubao, anapiga, na ukuta mzima unaimba. Jirani wa upande wa pili alikuwa anagonga na kupaza sauti, "Papa Paluku, punguza ukuta!" Wapiga besi wote wa rika langu pale mtaani wamejifunza hivyo, vichwa vya magitaa ukutani, kama mbuzi wanaojikuna.

Siku vita ilipoingia mjini, bomu lilianguka nyuma ya ukuta ule. Papa alitoka mzima, isipokuwa masikio. Binti yake Kavira alikuja kumchukua, akampeleka kwake Butembo. Gitaa Papa aliniachia mimi. "Unitunzie," aliniambia kwa kelele, kwa sababu alikuwa hajisikii mwenyewe.

Mwezi uliopita Kavira, ambaye huniita yaya, yaani kaka, akapiga simu. "Yaya Bahati, Papa hakuli tena. Anakunywa chai tu. Mchana yote vidole yake inatembea ku magoti. Hii wiki alisema neno moya tu: alete besi."

Niliwaambia ninyi nitaipeleka aishike, kisha nitairudisha. Sikudanganya. Ndivyo nilivyoamini.

Kutoka Murara hadi Kanyaruchinya

Gitaa halisafiri juu ya lori ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilimwomba fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, anitengenezee sanduku, na fundi wa chukudu anajua kutengeneza kitu kimoja tu: kitu cha kubeba viazi mlimani. Akanipa sanduku la mbao za mikaratusi, refu kidogo kupita mita moja, jembamba, lenye mfuniko wa misumari na vishikio vya kamba huku na huku. Lilikuwa imara. Sikuliangalia kwa macho ya watu wengine hadi tulipofika kwenye lori.

Shofa wetu, Janvier, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata juani, alilitazama akarudi nyuma hatua mbili.

"Maiti hapana! Miye sibebe maiti bila karatasi."

"Si maiti, Janvier. Ni gitaa."

"Bote banasemaka vile."

Ikabidi ning'oe misumari mbele ya abiria wote. Alichungulia, akagusa kamba moja kwa kidole, akaridhika. Nikapigilia misumari tena, tukaondoka tumechelewa saa nzima. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasafirisha jibini ya Masisi, Mama Uwimana, alinicheka hadi njia ya kiwanja cha ndege.

Hatukucheka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Lori lilisimama kungoja ukaguzi, nikashuka na sanduku langu kwa kuogopa lisikanyagwe. Mnapajua pale, na mnajua watu wamezika watoto wangapi pale. Mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi kando ya barabara aliliona sanduku. Akaacha kuuza. Akafungua kitambaa kichwani, akakikunja mkononi, akaja.

"Pole, papa," alisema taratibu. "Ni wa ngapi?"

Nilitakiwa kusema ni gitaa. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umeshaingia kwenye msiba wangu, na niliona aibu kumtoa kwa kumwambia analilia mbao na nyuzi.

"Wa kwanza," nikajibu.

Alinishika mkono. Akanipa mandazi mawili kwenye karatasi, akakataa kabisa kulipwa. Janvier akapiga honi. Nilipanda nikaketi juu ya sanduku, nikala mandazi ya matanga kwa ajili ya gitaa, na Mama Uwimana, ambaye alikuwa ameona yote, hakunisemesha hadi Kibumba. Nilistahili.

Kibumba

Pale Kibumba lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara. Mvua ilinyesha. Watu walikuwa wanaokota kabichi mojamoja kwenye tope na kuzipanga pembeni kwa heshima, na hakuna aliyeharakisha. Tulingoja tangu asubuhi hadi mchana ulipoanza kuinama.

Nilivua koti nikalifunika sanduku. Mbao za gitaa zikilowa shingo inapinda, na shingo ikipinda hakuna fundi wa chukudu wa kuinyoosha. Nikawa natetemeka. Mama Uwimana akanihurumia hatimaye, akakata kipande cha jibini, tukala na viazi vya kuchoma vya mama mmoja wa pale. Jibini na kiazi cha moto, mvua ikiwa mgongoni: sijala kitu kitamu hivyo mwaka huu.

"Ile muzee unapelekea gitaa ni baba yako?" aliniuliza nilipomweleza safari yangu.

"Hapana. Ni mwalimu."

"Na gitaa njo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu."

Alitafuna kwanza. "Akikuambia ibakie kwake?"

Nilimwambia hawezi kusema hivyo. Wakati huohuo milio ikasikika nyuma ya vilima, mizito, mitatu. Waokotaji wa kabichi wakainuka pamoja, wakasikiliza, wakainama tena.

"Ni mbali," alisema Mama Uwimana.

"Ni mbali," alisema Janvier, "lakini inakuya." Akaenda mwenyewe kusukuma lori la kabichi.

Sufuria ya Kiwanja

Tulifika mji wa Kiwanja jua likiwa bado lipo, lakini Janvier alikataa kuendelea. Baada ya saa kumi barabara ile si ya mtu mwenye mama. Tukalala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mkali, aliyetupikia maharagi na makemba, zile ndizi za kupika.

Nikafikiri: nampelekea Papa gitaa lake na kamba zimechoka hivi? Zilikuwa na jasho langu la miaka, zinatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Nikamwomba yule mama sufuria na moto. Nikazifungua kamba zote nne, nikazikunja, nikaziweka kwenye maji yanayochemka. Mnajua kazi ile: uchafu unatoka, maji yanakuwa ya kahawia, unazifuta, unazikausha, na sauti inarudi. Papa alitufundisha hivyo na yeye alifundishwa hivyo.

Mwenye nyumba akaja kuchungulia. "Unapika nini?"

"Kamba za gitaa, mama."

"Juu ya nini?" aliuliza, akitaka sababu.

"Zipate nguvu. Tuko na safari ya kesho."

Hilo lilikuwa kosa langu. Nilimaanisha nguvu ya sauti. Yeye alitazama maji ya kahawia, akanitazama mimi, akatazama upande wa barabara ya kesho, akaondoka. Mnajua kwetu kuna watu wanaosema wana maji ya kugeuza risasi. Nilipotoka kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia, nikarudi, kamba zilikuwepo kwenye sahani safi zimepangwa vizuri, na maji hayakuwepo hata tone.

Asubuhi abiria wote walikuwa na nyuso zinazong'aa. Mama Uwimana alinisalimia kwa heshima ambayo hakunipa jana. Mwenye nyumba alikataa nimshukuru kwa sufuria. Nilianza kueleza, Janvier akanikata: "Usiseme kitu. Ukisema inaisha nguvu."

Nikarudisha kamba kwenye gitaa haraka haraka, nikazikaza kwa sikio huku honi ikilia. Kamba zilizochemshwa hulegea kwa siku mbili tatu, lazima uzirudie kila mara. Nilijiambia nitazirudia njiani.

Kizuizi

Mbele ya Kiwanja, mahali ambapo upande mmoja unaishia na mwingine haujaanza, kuna kamba imevutwa barabarani na kibanda cha mbao pembeni. Sitasema ni kina nani waliokuwa pale. Walikuwa na bunduki, na mkubwa wao waliita Komanda. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, anayegeuza kichwa upande mmoja ukimsemesha.

Aliwapitisha abiria wote. Kisha akanyoosha fimbo juu ya lori.

"Teremsha ile sanduku."

"Ni gitaa, Komanda."

"Fungula."

Nikang'oa misumari tena. Alipoona kilichomo hakushangaa. Alichuchumaa, akalipitia gitaa kwa fimbo kutoka juu hadi chini, akagonga vile vifundo vya sauti, akagonga lile tundu dogo la chuma la kuingizia kebo.

"Gitaa iko na tundu kubwa mu tumbo. Hii haina na tundu. Gitaa iko na kamba sita. Hii iko na ine. Na hii ni ya kuingiza nini?"

"Ni gitaa ya besi, Komanda. Hapo inaingia waya ya sauti."

"Waya." Alilirudia neno hilo polepole, na askari wawili waliokuwa wamekaa wakasimama. "Piga, tusikie."

Nikapiga. Ninyi mnajua besi bila umeme inasikikaje: kama mtu anakuna mguu chumba cha pili. Upepo ulikuwa unavuma, injini ya lori ilikuwa inanguruma.

"Sisikie kitu."

Nikapiga kwa nguvu zaidi. Askari mmoja akacheka.

"Inataka umeme, Komanda. Na ampli."

"Umeme iko wapi hapa? Ampli yako iko wapi?" Alisimama. "Mutu anatoka Goma, anapita fasi ya vita, anatembeza kitu yenye anasema ni ya kulia, na haiwezi kulia. Hii itabakia hapa. Na weye utabakia nayo, mpaka tujue ni nini."

Janvier alikuwa anatazama matairi yake. Mama Uwimana alikuwa amefumba macho. Niliogopa, siwafichi. Niliogopa kwa ajili yangu, na ninaona haya kusema kwamba niliogopa kidogo zaidi kwa ajili ya gitaa, kwa sababu askari mmoja alikuwa ameshalishika shingoni kama anavyoshikwa kuku. Nilimwona Papa akiwa Butembo, vidole vyake magotini. Ndipo nikaona kibanda. Mbao za mikaratusi, zilezile za nyumba zetu, zimepigiliwa wima.

"Komanda, naomba ukuta."

"Unaomba nini?"

"Ukuta ya nyumba yenu. Dakika moya."

Sijui kwa nini alikubali. Labda hakuna aliyewahi kumwomba kitu hicho. Nikachuchumaa, nikaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubao jinsi Papa alivyonionyesha nikiwa na miaka kumi na miwili, nikapiga Mi, ile kamba nene kuliko zote.

Kibanda kikajibu. Askari aliyekuwa amelala ndani akatoka mbio bila viatu. Nikashuka na mstari wa wimbo wetu wa kuingilia kanisani, kwa sababu ndio ambao vidole vyangu vinaujua hata nikiwa nimekufa, na mbao zote zikauchukua. Janvier akazima injini. Hata yule aliyecheka akasogea kuweka kiganja ukutani.

Komanda alisimama kwanza mbali. Kisha akaja, akavua kofia, akaegemeza upande wa uso wake kwenye ubao, taya na shavu, macho yakitazama mlima. Nikataka kusimama.

"Usiache," akasema.

Nikaendelea. Nilipofika mwisho alibaki vilevile.

"Hii sikio ilikufa," alisema akigusa upande uliokuwa ukutani. "Lakini naisikia mu meno." Alionekana kama mtu aliyeudhika kidogo. "Gitaa ni ya nani?"

"Ya muzee moya wa Butembo. Mwalimu wangu. Hasikii tena."

"Bomu?"

"Bomu."

Hakuuliza ni la nani, nami nisingemwambia. Alivaa kofia. "Endeni."

Nilikuwa nimeshafika kwenye tairi la nyuma na sanduku langu wazi aliponiita tena, "Muimbaji!"

"Ile kamba ya kubwa," alisema. "Piga tena mara moya tu."

Nikarudi ukutani, nikapiga Mi mara moja, nikaiacha iishe yenyewe. Kamba ya barabarani ikashushwa.

Baada ya kilomita nyingi Janvier alisimamisha lori. Akatoa kichwa dirishani, akanigeukia, uso wake umejaa furaha. "Nilimwangia ile maji ku mapine yote sita," akasema, akionyesha matairi. "Uliona?"

Nikamwambia niliona.

Milima ya Lubero

Kuhusu Kanyabayonga na Lubero sina mengi. Baridi, tope, na usingizi wa kukaa. Tulikwama mara nne, tulisukuma mara nne. Mama Uwimana alishuka Lubero na jibini zake, akaniambia, "Salimia muzee," kisha akaongeza, "Na ufikiri ile nilikuuliza." Sikulifungua sanduku tena hadi mwisho. Tangu kizuizini niliogopa hata kuigusa misumari, na hivyo sikuzirudia kamba.

Matofali ya Butembo

Nyumba ya Kavira ni nzuri. Ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa saruji ndani, ina mlango wa chuma. Niliifurahia kwa muda mfupi sana.

Papa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda, ndugu zangu. Shingo imebaki kamba tupu. Hakunisikia kuingia, nikapita mbele yake nikapiga magoti na kulifungua sanduku. Aliliangalia gitaa. Hakulia, hakucheka. Alilichukua, akavaa ule mkanda wa gari, akapitisha kidole gumba pale palipochubuka. Kavira alikuwa mlangoni na mkono mdomoni.

Kisha Papa akafanya kile alichofanya maisha yake yote. Alivuta kiti hadi ukutani, akaegemeza kichwa cha gitaa, akapiga.

Matofali hayaimbi. Mimi mwenye masikio sikusikia kitu, seuze yeye. Akapiga tena. Akaweka kiganja ukutani, akangoja. Akajaribu ukuta wa pili. Halafu akanitazama, na sitaki tena kutazamwa vile na mtu yeyote. Nimesafiri siku tatu kumletea mwili wa kitu ambacho roho yake tuliiacha Murara.

Alivua mkanda, akalilaza gitaa sandukuni taratibu, akaomba chai.

Tulijaribu kila kitu. Mlango wa chuma ulitoa kelele tu. Meza ilikuwa ya plastiki. Nikataja ampli ya kanisa lao, Kavira akatikisa kichwa: "Tulimupeleka, tukamukalisha mbele ya spika kubwa. Alisema ni upepo." Akaingia jikoni, nikamsikia analia huku anasonga bugali ambao hakuna atakayeula.

Nilikaa sakafuni kando ya sanduku. Nikajikuta narudia neno la yule Komanda. Mu meno.

Kwetu mtu hamgusi mzee kichwani. Hata kofia yake ikianguka unampa mkononi. Nikachukua daftari ambalo Kavira humwandikia maneno, nikaandika: *Papa, unipe ruhusa nikuguse ku kichwa.*

Alisoma. Akasoma tena. "Fanya," alisema.

Nikasimama nyuma yake na gitaa mabegani. Nikaegemeza kichwa cha gitaa chini ya sikio lake, kwenye mfupa wa taya, kwa woga kama nashika yai. Nikapiga Mi.

Hakutikisika. Nikadhani imeshindikana. Kisha nikaona macho yamefumba. Nikapiga La, kamba inayofuata.

Alifumbua jicho moja.

"La iko chini!" alisema, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Bahati! Juu ya nini La iko chini?"

Kavira alitoka jikoni na mwiko mkononi. Papa alikuwa ameshalishika gitaa, ameshika kisikio cha La bila kuangalia, anakikaza, taya limebana kwenye mbao, analaumu: nimechemsha lini, nimerudia mara ngapi, nani alinifundisha ovyo hivyo. Nilikuwa nalia. Naandika wazi: nililia, na kila tusi lilinifurahisha kupita lililotangulia. Kamba zilikuwa zimelegea, kweli, tangu Kiwanja.

Alipiga hadi bugali ukapoa. Kisha akaula baridi, na sombe yote, yale majani ya muhogo, akauliza kama kuna mwingine.

Kurudi

Nilikaa siku nne. Asubuhi ya tano nilikuwa nafunga mzigo Papa akaja na gitaa, akaliweka mbele yangu.

"Rudisha hii ku kwaya," akasema. "Nimeisikia. Inatosha."

Mnajua mkono wangu ulitaka kufanya nini. Ulinyooka wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo riziki yangu, ndiyo mimi Jumapili. Na niliwaahidi ninyi. Nilichukua daftari, nikakaa nalo muda mrefu, nikaandika: *Kwaya iko na sauti mingi. Weye uko na moya.*

Alisoma. Midomo ilimcheza. Alinirudishia daftari, akanirudishia na gitaa.

"Basi weka La sawa mbele ya kwenda, uniachie."

Nikaliegemeza kwenye taya langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikaziba masikio yote kwa mabega kadiri nilivyoweza, nikaikaza La hadi ikakaa. Alijaribu kwenye mfupa wake. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, si zaidi.

Chombo cha watu hakirudi kitupu, Kavira alisema, akajaza sanduku maharagi hadi mfuniko ukakataa kufunga.

Kizuizini Komanda hakuwepo. Kanyaruchinya yule mama wa mandazi alikuwepo. Nilishuka na sanduku, akalitambua, akainuka na kuanza kufungua kitambaa, nami nikamzuia. Nikafungua mfuniko. Nikamweleza yote, kwamba ilikuwa gitaa, kwamba nilimdanganya, kwamba nilikula mandazi yake. Nilingoja anitukane. Aliyatazama maharagi kwa muda.

"Kwa hiyo moya hakukufa," alisema.

Nikamjazia kitambaa chake maharagi mpaka akaniambia inatosha.

Maharagi yaliyobaki ni yenu. Sanduku liko kwangu Murara, nyuma ya mlango, chini ya ukuta wangu wa mbao. Hasira zenu nazijua, njoeni nazo, nitazisikiliza zote. Ila mje na sufuria.